Hela ya wawili, deni la mmoja

Juzi natoka shifti ya usiku, nimesimama kituo cha basi hapa Leicester, baridi inang'ata masikio, simu ikalia. Ujumbe wa kampuni ya kudai fidia: ulinunua gari kwa mkopo kati ya 2007 na 2024? Huenda unadai maelfu ya pauni, bonyeza hapa, saini kwa kidole.

Kwa kidole! Mimi nilisaini kwa kalamu na bado nililia.

Sijafika nyumbani, mtoto wa dada yangu naye ananitumia uleule. Ana miezi minane Uingereza. "Mama mdogo, nimeletewa hii, nisaini?" Gari hana, leseni hana, anataka kusaini. Nikasema leo naandika, maana na wengine mnaopanga kuja mko hivyohivyo: mkiona neno "maelfu" mnatafuta kalamu.

Wa zamani mnaikumbuka PPI. Ilikuwa bima ya kulinda mkopo, benki zikiwabandika watu wakati wa kukopa, wengi bila kujua wamebandikwa. Mume wangu wa wakati huo, nimwite Baba Salma, alikuwa dereva wa teksi, anajiajiri mwenyewe. Bima ya kukosa kazi ingemlipa nini mtu asiyekuwa na bosi wa kumfukuza? Lakini kila mwezi ilikatwa. Mwishowe benki zikabanwa zirudishe, na zimerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Tarehe ya mwisho ya kudai ilikuwa 29 Agosti 2019, na tangazo lake lilikuwa na kichwa bandia cha mwigizaji Arnold Schwarzenegger kinapiga kelele madukani. Nchi hii bwana.

Sisi tulikopa pauni 9,000 mwaka 2006, mkopo wa majina mawili, na sehemu kubwa ikaenda kwenye kiwanja Tanga ambacho mpaka leo kina kesi. Tuliachana 2010. Mwaka wa mwisho wa mkopo nililipa peke yangu, kwa zamu za usiku za kugeuza wazee vitandani. Hilo liwekeni akilini.

2017 akanipigia binti mmoja mwenye sauti ya asali, kampuni ya kudai fidia. Hulipi kitu mpaka ushinde, dada. Nikaletewa mkataba, nikausaini mezani jikoni huku wali unaungua. Ada yao asilimia 30 ya fidia, na VAT juu. Nikaona sawa, hata dalali wa chumba Sinza anakula kodi ya mwezi mzima.

Kwa kuwa mkopo ulikuwa wa wawili, benki ilitaka sahihi ya Baba Salma pia. Nikamfuata kijiweni kwake. Akasainia juu ya usukani, karatasi ikarudi na alama ya mafuta ya chipsi. Sasa sikieni: karatasi ile ilikuwa ya kuruhusu kampuni iulize habari za mkopo wake. Haikuwa mkataba wa malipo. Mkataba ulikuwa na jina moja tu.

Januari 2018 hela ikatoka, 4,800. Benki ikagawa katikati, mkopo wa wawili fidia ya wawili, nani alimalizia kulipa hawaulizi. Tena ndani yake kulikuwa na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na riba hiyo wakaikata kodi kwanza. Mkononi mwangu zikafika 2,240. Nikapiga ukelele. Nikamwambia mama, fundi aje, tunapandisha lenta ya nyumba.

Wiki iliyofuata ikaja bili. Asilimia 30 ya 4,800 yote: 1,440. VAT 288. Jumla 1,728, inadaiwa kwangu mimi.

Nilifikiri wamekosea. Nikapiga simu, asali yote imekauka. Mama, mkataba unasema ada ni kwa fedha yote iliyopatikana kwenye dai, na uliyesaini ni wewe. Hata kodi waliyokata benki, dalali ameihesabu kama nimeila. Kwenye 2,240 nikabaki na 512. Baba Salma, aliyesainia usukani, akabaki na 2,240 zake safi, hakutoa hata senti.

Nikampigia. Akanisikiliza vizuri tu, halafu: "Mama Salma, mkataba wa hao watu mimi siujui. Aliyeita dalali ndiye anamlipa." Nyumbani jambo hili lingekwisha kwa jioni moja. Wangekaa wajomba, kahawa, mzee mmoja angemwambia, wewe umekula tunda, toa gharama ya ngazi. Huku mjomba wako ni karatasi.

Nikaenda Citizens Advice, ofisi ya ushauri wa bure, na bahasha yangu. Mama mmoja wa Kizungu, amestaafu, anajitolea, akausoma mkataba wote kwa kidole mstari kwa mstari, jambo ambalo mimi mwenye mkataba sikulifanya. Akanieleza taratibu: aliyesaini ndiye mdaiwa. Mngesaini wote wawili, wangeweza kumfuata yeyote kati yenu kwa deni lote, kisha mnajuana wenyewe. Umesaini peke yako, ni lako peke yako. Kumdai mwenzako nusu ni kesi nyingine, na hamkuwa na makubaliano yoyote. Akanionyesha pia fomu ya kudai kodi iliyokatwa kwenye riba, R40, na kwa hiyo nilirudishiwa 160. Akanichemshia chai. Sikuombwa hata pauni. Miaka yangu yote hapa, ndiye mtu wa kwanza wa ofisini aliyenisogezea boksi la tishu kabla sijalia.

Nililipa kwa mafungu, 96 kila mwezi, miezi kumi na minane. Na kilichoniuma zaidi: Julai 2018 serikali ikaweka kikomo, ada ya PPI isizidi asilimia 20 na VAT. Bili yangu ilikuwa imeshatoka miezi sita kabla. Lenta ya mama ilipanda mwaka uliofuata, kwa upatu.

Kwa hiyo mnaokuja: kudai kwa mwenyewe ni bure. Unaandika barua, wakikukatalia unakwenda Financial Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya fedha, bure pia. Hata haya madai ya mikopo ya magari, FCA wenyewe, wasimamizi wa huduma za fedha, wanasema dalali hahitajiki, na ukimweka anaweza kukulia zaidi ya asilimia 30. Ukishasaini una siku 14 za kughairi, usizilalie. Na kama deni lilikuwa la wawili na sasa mmeachana, kabla ya kushika kalamu muulize mwenzio, kwa maandishi, ada tunagawanaje. Hata WhatsApp.

Lakini sisi tulikuwa na gari la mkopo kweli, ile Vauxhall ya 2009. Jana nikamwandikia Baba Salma, mara ya kwanza tangu harusi ya Salma: lile gari mkopo ulikuwa kwa jina la nani?

Akajibu haraka, sijui alikuwa kwenye foleni. "Lako. Safari hii usisaini kitu."

Nikamjibu: 864.