Wenye shamba

Suruali imelowa mpaka kiunoni na daftari limevimba kwa umande, lakini vipande vitatu vya msitu vimekwisha kupimwa. Kila kimoja mita 20 kwa 50. Tunazungusha kamba, kisha tunapima miti yote yenye kipenyo cha sentimita 10 na kuendelea. Mzee anayeniongoza hapa Amani, kwenye milima ya Usambara, hana haja ya kitabu: anachanja gome kwa ncha ya panga, ananusa, anataja. Mtambara. Mnyasa. Msambu. Kazi yangu kuandika.

Kipande cha tatu kilininyong'onyeza. Muhesi, muhesi, tena muhesi, hata mzee akachoka kutamka akawa ananyoosha kidole tu. Mti huu si wa Usambara. Kwao ni Bukoba, Uganda na huko magharibi. Uliletwa zama za Wajerumani, wale walioanzisha bustani ya mimea ya Amani mwaka 1902. Ungeweza kubaki mgeni mpole. Ila magogo yalipovunwa kwa wingi miaka ya 1970, msitu ukatoboka, na muhesi hupenda jua na hukua mbiombio. Kila tundu ukaliziba wenyewe.

Nikiwa bado naulaani kimoyomoyo, nikasikia juu yetu ule mvumo wa mabawa, kama mtu anayehema baada ya kupanda kilima. Hondohondo! Kumi na mmoja, wakashuka kwenye matunda kwa makelele. Nikaachia futi kamba.

"Usiwashangilie sana, mwanangu," mzee akasema. "Hao ndio wenye shamba."

Kweli. Wanameza tunda la muhesi, wanaruka, mbegu wanaiacha ndani kabisa ya msitu ambako hakuna binadamu aliyepanda kitu. Msambu, ambao wanakijiji huokota mbegu zake kwa ajili ya mafuta, umemtegemea panya buku, naye akiba yake huizika jirani tu. Atashindana vipi na mwenye mabawa?

Sasa ni usiku, nanakili kwa taa ya kichwani. Ukurasa wa ndege: hondohondo 11, na pembeni nimechora nyota, kama mtoto wa chekechea. Ukurasa wa miti: muhesi 23. Mzee ameiona ile nyota, amecheka peke yake, ameniongezea chai. Nyota sijaifuta.

Kesho tunashuka upande wa mtoni, mvua ikituruhusu.