Boti ya mzee pale Majanji

Boti ya mzee ni ya faibaglasi, futi 19, na kwa miaka mingi ilibeba watu na magunia ya mukene, ile wenzetu wa upande wa Kenya wanaita omena, kati ya Majanji, huku kwetu Uganda kwenye Ziwa Victoria, na visiwa vya Sigulu. Mzee alipoacha ziwa ikawekwa nyuma ya nyumba, wazi hivohivo, mvua za Machi mpaka Mei zinaingia, zile za mwisho wa mwaka zinaingia. Desemba nikasema basi, naitengeneza mwenyewe. Kuisogeza tu mpaka kivulini chini ya mwembe tulikuwa watu kumi na wanne na bado ilitushinda mara mbili, kila mtu anasema boti ikizeeka inakuwa nzito. Nami nikaamini.

Kabla ya hapo kuna fundi mmoja wa bodi za magari aliwahi kuipiga filla, ile puti ya kuziba mashimo, na rangi kwa siku mbili tu, ikang'aa kweli, halafu baada ya miezi filla ikaanza kutoka vipande vipande kule chini kunakokaa maji. Filla ya gari ina unga wa talki na inakunywa maji. Mwenye boti tafadhali usikubali iwekwe chini ya mstari wa maji, hata fundi akikuapia.

Kwa hiyo safari hii nilianza na kugonga. Chukua mpini wa plastiki wa bisibisi, gonga kila mahali polepole na usikilize. Palipo pazima panalia ta, palipooza panajibu bu kama umegonga gunia la mchanga. Nyuma pale injini inapofungwa palikuwa bu tupu, nikatoboa tundu na drili yakatoka maji ya kahawia na mbao iliyogeuka uji, yani plaiwudi ya ndani imeisha. Nikaingiwa wasiwasi nikang'oa na sakafu, na chini yake ile foamu ya kusaidia boti ielee ilikuwa imeshiba maji, kipande cha saizi ya tofali nilikibeba kwa mikono miwili. Hapo ndo nikaelewa ule uzito.

Tumboni kulikuwa na malengelenge, mengi, kama punje za mahindi. Ukiyapasua yanatoa maji ya kunata yanayonuka kama siki. Ni maji ya ziwa yamepenya jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, taratibu, yakayeyusha kemikali zilizobaki kwenye resini, yani ile gundi inayoshika nyuzi za faibaglasi, na hiyo supu inazidi kuvuta maji mengine. Maji yasiyo na chumvi kama ya Victoria yanapenya faibaglasi kuliko maji ya chumvi, na ziwa letu lina vuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo huu ugonjwa ni wetu kabisa. Nikayafungua yote na grainda, nikasugua na brashi na maji safi, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka harufu ikaisha.

Halafu kungoja ikauke. Wiki saba! Unabandika kipande cha nailoni angavu, teipu pande zote nne, jua linapiga, jioni ukikuta umande kwa ndani ujue bado. Kila anayepita ananiuliza unapaka lini, mama mwenyewe akaanza kuniuliza, na mvua ya Machi haingoji mtu. Nilikuwa naamka usiku kusikiliza mabati.

Umande ulipokoma nikaanza epoksi, resini ya kuchanganya na dawa yake ndipo igande. Inashika vizuri juu ya poliesta ya zamani, ile resini iliyojengea boti, lakini poliesta juu ya epoksi haishiki hivo, kwa hiyo ukishaanza nayo malizia nayo. Kopo la kwanza nilikoroga lote saa saba mchana, likachemka mkononi, likatoa moshi, likawa jiwe, na ile pesa ilikuwa ya mwezi mzima. Baada ya hapo nikawa nachanganya kidogo kidogo saa kumi na mbili asubuhi, kwenye beseni pana ili joto litoke. Ikikauka inaweza kuacha utelezi kama nta, uoshe na maji kabla ya msasa la sivyo rangi itachubuka. Nyuma nikaweka plaiwudi mpya na matabaka ya faibaglasi, na badala ya foamu nikafunga jerikeni tupu zilizozibwa vizuri.

Rangi yenyewe ni siku tatu tu. Msasa 80, 120, 220, praima, yani rangi ya kwanza ya kushikisha, halafu ile rangi ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, bluu chini nyeupe juu kama alivyoipenda mzee. Vaa maski ya kemikali, siyo kitambaa, hiyo hadena inaharibu mapafu.

Jumamosi ya mwisho ya Februari nikaita tena watu kumi na wanne. Wanane wakashika, wakainua, wakaangaliana. Mzee akasema subirini kwanza. Akasogea na fimbo yake mpaka nyuma pale, akagonga mara mbili, ta, ta, akaniambia, "Leta injini, mwanangu."