Sungura, viazi vitamu na ngozi ya Chui

Masikio ya mbwa wetu, Chui, hayanuki tena. Naanza na hilo kwa sababu kwetu harufu ndiyo iliyokuwa ikitangulia kila kitu. Harufu ya chachu ilianzia masikioni, kesho yake akawa anatikisa kichwa, kisha analamba nyayo mpaka manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu kwa mate. Mwishowe kwapa na kinena vilikuwa vyekundu na vinatoa majimaji. Anapewa dawa, anapata nafuu, dawa inaisha, tunaanza upya. Miaka ilikwenda hivyo, na usiku wetu mwingi ulikuwa wa kusikiliza kucha zikikwaruza ngozi.

Sasa wanaomwona huniuliza ninampikia nini, kana kwamba dawa imo kwenye sufuria. Nikifikiri vizuri, faida kubwa ya kumpikia ni kwamba nakijua kila kinachoingia kinywani mwake. Ujuzi huo ndio uliotuvusha.

Daktari wetu wa mifugo hakutaka hata kugusia chakula kabla hajamaliza viroboto, utitiri wa ngozi na maambukizi, na ninamshukuru kwa msimamo huo. Mbwa mwenye mzio (aleji) wa mate ya viroboto anaweza kuumwa na wachache tu akawashwa siku kadhaa. Bakteria na fangasi wanaostawi kwenye ngozi iliyochubuka nao huwasha kivyao, kwa hiyo ukibadilisha chakula huku wao wapo, hutajua nini kimefanya nini. Pia alituambia wazi kwamba mbwa wengi wenye mzio husumbuliwa na vitu vya hewani na nyumbani, kama utitiri wa vumbi na chavua, yaani unga wa maua, na kwamba wenye shida ya chakula ni wachache zaidi. Vipimo vya damu na mate vinavyouzwa kwa ajili ya mzio wa chakula havitegemewi. Njia ya kuaminika ni kumlisha na kumwangalia.

Ushauri tuliokuwa tukipewa na kila mtu ni kuku na wali. Ni chakula laini, na mbwa aliyeharisha hukipokea vizuri, lakini kwa ngozi ya Chui kisingetufikisha popote. Vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano, yaani vile vile ambavyo mbwa wengi wamelishwa tangu utotoni. Mwili hujenga mzio dhidi ya kitu ulichokwisha kukutana nacho. Kwa hiyo ilitakiwa nyama moja na wanga mmoja ambao hajawahi kuonja. Kwa Chui ikawa sungura na viazi vitamu, vimepikwa bila chumvi wala viungo, na bila kitunguu kabisa, kwani kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa.

Jaribio ni kumlisha hivyo tu na kumwangalia, na muda wake ni wiki 8 angalau, na wengine huhitaji zaidi. Kupika ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni watu. Mtoto mdogo akila, makombo huanguka, na Chui ndiye fagio. Ikabidi mtoto akianza kula, mbwa awe nje na mlango ufungwe. Shangazi alipotutembelea aliumia moyo kumwona Chui amekaa chini ya meza na macho yake yale. "Mwanangu, kipande kimoja cha mkate kitamdhuru nini? Mnamtesa mnyama wa watu." Nikamwambia, "Shangazi, nisaidie kumkatalia. Nikimpa leo, hatutajua tena kinachomwasha." Alinyamaza, halafu siku zile zote alizokaa kwetu akawa mlinzi mkali kuliko sisi. Tonge moja tu linaweza kuuvuruga uchunguzi wote. Hata kidonge cha viroboto chenye ladha ya nyama na dawa ya meno yenye ladha ya kuku vilihesabiwa kuwa chakula, tukabadilisha vyote.

Nafuu ilikuja polepole. Masikio kwanza, kisha tumbo likaanza kuota manyoya mapya.

Halafu ikafika hatua ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote: kumrudishia chakula cha zamani kwa makusudi. Bila hatua hiyo huwezi kusema ni chakula. Labda ni msimu umebadilika, labda ni dawa aliyomaliza. Dalili zikirudi, kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki 2. Kwa Chui zilirudi mapema, masikio mekundu na nyayo zimelowa mate. Nilikaa naye sakafuni nikimshika miguu asijilambe. Tulipomrejesha kwenye sungura, akatulia. Hapo ndipo nilipoamini.

Ningependa anayesoma asikimbilie jikoni na nyama na viazi tu. Chakula cha jaribio kinavumilika kwa mbwa mzima kwa muda mfupi. Cha kudumu ni jambo lingine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa, na asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mbwa akikaa hivyo muda mrefu, mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Zinki ikipungua, ngozi hukakamaa na kutoa magamba kuzunguka macho na mdomo, na mwenye mbwa anadhani ni mzio ule ule umerudi. Hilo linanihuzunisha sana, kwamba mtu anaweza kupika kwa mapenzi yote na kumletea mnyama wake ugonjwa mwingine wa ngozi.

Kwa hiyo mapishi ya Chui yaliandikwa na mtaalamu wa lishe ya wanyama kwa uzito wake na umri wake. Napima kwa mizani, sikisii. Kuna unga wa madini na vitamini unaoingia chakula kikishapoa, na mafuta ya samaki kwa kipimo alichopewa, maana asidi za omega-3 zilizomo husaidia kupunguza uvimbe wa ngozi. Mafuta ya maini ya samaki ni kitu kingine. Yana vitamini A na D nyingi, na kuzidisha hizo ni hatari.

Msimu wa chavua ukifika Chui bado huwashwa, kwa kuwa ana mizio yote miwili. Tunamwogesha kwa shampuu ya dawa, na tukihitaji kidonge cha kuzuia muwasho tunampa bila kuona kwamba chakula kimeshindwa. Wiki ijayo tunaanza kumjaribu na nyama ya kondoo, peke yake juu ya viazi vile vile. Ikimkubali, atakuwa na nyama mbili za kula, na sungura akikosekana sitahangaika.