Kofia nyekundu

Jamani leo darasani, sijui hata nianzie wapi.

Tunasoma The Catcher in the Rye, ile riwaya ya Salinger ya 1951, na wiki nzima nahangaika na hili neno ishara maana wanafunzi wananiandikia "nyekundu ni hatari" basi, kama kila kitu kina jibu moja la kukariri.

Leo nikauliza tu, ile kofia nyekundu ya Holden, kijana anayesimulia riwaya, inakaa kichwani kwa nani, na lini?

Wakaanza kupekua kurasa. Kumbe anampa mdogo wake Phoebe, halafu mwishoni pale kwenye farasi wa mbao wanaozunguka Phoebe anaichomoa kwenye mfuko wa koti la kaka yake anamvalisha Holden, mara mvua hiyo.

Kimya.

Kijana mmoja wa nyuma, huwa haongei kabisa, akasema, "Mwalimu, kumbe hata mkubwa anahitaji kufunikwa."

Huku anavuta mikono ya sweta lake. La kaka yake lile, limemzidi, amekunja mara mbili.

Sikuongeza neno. Mpaka saa hizi naiona ile mikono ya sweta.

Walimu wenzangu, na nyie mliopenda fasihi, kitu gani kwenye riwaya kiliwahi kuwagusa hivi? Niambieni nisome.