Furushi la uzi la kila mwezi

Nimejiunga na kikundi cha uzi wa kufuma. Kila mwezi nalipa kwa simu, kisha nalifuata furushi kwenye ofisi ya mabasi Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Ndani mna uzi ambao sikuuchagua mimi, na hilo ndilo nilitakalo. Nikienda Biashara Street mwenyewe narudi na akriliki ile ile ya bluu, kwa kuwa bei yake naijua.

Safari hii wametuma sufu ya kondoo, mafungu mawili ya gramu 100, iliyotiwa rangi kwa maganda ya vitunguu. Si manjano, si kahawia. Ukiipeleka dirishani unaona pale rangi ilipokolea na pale ilipopita juu juu. Uzi huja umezungushwa kitanzi kikubwa, huwezi kuufuma hivyo. Mamangu alinyoosha mikono akanishikia, nami nikauviringisha taratibu, maana ukiukaza, sufu hunyooka na kupoteza ule mnyumbuko wake.

Naulizwa sana: sufu ya nini na joto hili? Ya dadangu aliye Limuru, ana mtoto mchanga na Julai kule ni baridi kweli. Nimeshafuma kipande cha majaribio kwa sindano za milimita 4, nikakiosha, nikakianika kivulini, ndipo nikapima.

Sisi wa pwani pamba hutufaa zaidi. Huchosha vidole kwa kuwa hainyumbuki, lakini hunyonya jasho. Nimewaomba watutumie pamba kaskazi ikianza.