Chukudu, neva ya mguu na siku 11 za safari

Goma, jioni. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zinateremka kutoka Kibumba zimejaa viazi, nami nawaza neva ya mguu. Kiini chake kiko kwenye uti wa mgongo, ncha yake iko kwenye misuli ya wayo, karibu mita 1. Mitokondria, vijiwanda vya nishati vya seli, husafiri humo kwa takriban mikromita 1 kwa sekunde. Piga hesabu: sekunde 1,000,000, zaidi ya siku 11, tena bila kupumzika. Na hupumzika sana! Nyingi utazikuta zimesimama tu.

Protini-injini iitwayo kinesini huzivuta kuelekea ncha, nyingine, dineini, huzirudisha. Kinachofunga injini hizo kwenye mitokondria ni protini Miro na TRAK. Neva ikifanya kazi kwa bidii kalisi hupanda, Miro huinasa, safari inakatika: nishati inatengenezwa palepale inapohitajika.

Lakini kwa PINK1, protini inayotambua mitokondria mbovu, ndipo hukaa nikatafakari. Mitokondria yenye afya huivuta ndani kwa nguvu ya chaji ya utando wake, kimeng'enya PARL kinaikata, mabaki yanateketezwa. Basi mambo yakiwa sawa huioni. Chaji ikianguka, PINK1 hukwama nje na kulundikana. Hapo hubandika fosfati kwenye yubikwitini, protini ndogo ya kutia alama, na kumwita Parkin, kimeng'enya ambaye huongeza yubikwitini nyingine nyingi. Utando unaifunika mitokondria mbovu, lisosomu, kifuko cha seli cha kuvunjia taka, inaiyeyusha.

Sasa, PINK1 huishi dakika chache tu. Itafikaje wayoni kwa siku 11? Haifiki. Neva hupakia mRNA yake, yaani nakala ya maelekezo ya kuitengeneza, juu ya mitokondria yenyewe, protini ikatengenezwa njiani, kama mwenye chukudu anayebeba misumari na kipande cha tairi badala ya kumngoja fundi wa mjini.

Wengi husimulia kana kwamba njia ya kusafisha mitokondria ni hii moja ya PINK1 na Parkin. Mimi sikubali. Ni kweli kasoro za jeni hizi mbili huleta ugonjwa wa Parkinson wa mapema kwa watu, lakini panya wasio na PINK1 bado husafisha mitokondria zao kila siku.

Tena si kila iliyochoka hutupwa. Protini MFN2 huunganisha tando za nje za mitokondria mbili, OPA1 zile za ndani, zikagawana vilivyo vizima. MFN2 ikiharibika hutokea ugonjwa wa neva wa kurithi, Charcot-Marie-Tooth aina ya 2A. Huanzia miguuni, kwenye neva ndefu kuliko zote; mikono hufuata baadaye.