Drawmij ni Jim Ward kinyumenyume

"Usijali, huu ni utani wetu, hutauelewa." Niliambiwa hivyo Ijumaa iliyopita kwenye meza ya gemu hapa Wisconsin, Marekani, mtu alipotaja jina la mchawi Drawmij na meza nzima ikaangua kicheko. Aliyesema hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini hilo "hutauelewa" limenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa perege, maana linageuza jambo la kufundishwa kwa dakika mbili kuwa ukuta. Nyumbani mtani akikutania anakuachia nafasi ya kumrudishia. Hapa wanacheka, kisha wanafunga mlango.

Basi naufungua mimi, kwa ajili ya kila ndugu atakayekalishwa kwenye meza kama ile. Na mtakalishwa. Kuanzia Novemba theluji ikishika, hapa hakuna kibaraza wala kijiwe cha kahawa. Watu wanajifungia ndani, na mwaliko wa "njoo tucheze" ndio urafiki wenyewe. Ukiukataa mara mbili, unabaki na ukuta na hita.

Kwa asiyejua: gemu tuliyokuwa tukicheza, Dungeons & Dragons, ni mchezo wa kalamu, karatasi na dadu. Mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mchawi. Ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na kampuni iliyouchapisha, TSR, ilikuwa Lake Geneva, mji mdogo wa hapa hapa Wisconsin. Hata mkutano mkubwa wa wachezaji, Gen Con, ulioanza mjini hapo mwaka 1968, jina lake ni fumbo: Geneva ya ziwa lao imegonganishwa na Mikataba ya Geneva ya sheria za vita, kwa kuwa kwa Kiingereza neno moja, convention, ni mkutano na ni mkataba pia. Wale waliokuja siku za mwanzo walikuwa wapenzi wa michezo ya vita.

Sasa chukua kalamu. Andika D-R-A-W-M-I-J. Anza kusoma kutoka kulia: Jim Ward. James Ward alikuwa mchezaji na mbunifu wa TSR, na mhusika wake akaingia kwenye kitabu cha sheria pamoja na uchawi wake wa kuita vitu: unakitia alama kitu chako kisichozidi ratili 10, na siku ya shida unavunja yakuti samawi yenye thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu, kitu kinatua mkononi. Ndiyo hiyo tu. Hicho ndicho kilichochekesha watu.

Kinachotukwamisha sisi si ugeni wa mchezo huo. Kinyume tunacho tangu zamani. Watoto wa pwani wamekuwa wakisema zimbu wakimaanisha mbuzi, na mgeni aliyekaa katikati yao haambulii kitu. Ila kinyume chetu kinashika silabi: ya mwisho inakuja mbele, na sikio linaweza kuifuata. Kinyume cha Kiingereza kinashika herufi mojamoja, na herufi ni mali ya jicho. Drawmij hata ukitajiwa mara mia mezani hutasikia Jim Ward ndani yake, na wao pia hawasikii. Walikiona kitabuni utotoni. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kujilaumu: jina lisikike vipi, ulione limeandikwa. Omba kitabu, tazama tahajia.

Wapo waliotumia njia hiyo hiyo ya kusoma nyuma mbele. Gemu ya kompyuta ya Wizardry ya mwaka 1981 ina mchawi mwovu Werdna kwenye ghorofa ya 10 chini ya ardhi, aliyemwibia hirizi mfalme Trebor. Waliotengeneza gemu hiyo ni Andrew Greenberg na Robert Woodhead. Geuza yote mawili. Alucard wa Castlevania ni Dracula. Nyoka wawili wa Pokémon, Ekans na Arbok, ni snake na kobra, na huyo wa pili anaanza kwa K kama tunavyoandika sisi.

Ukigeuza ukapata takataka, hesabu herufi na uzipange upya. Mchawi Tenser wa Dungeons & Dragons, mwenye sahani ya hewani inayobeba mzigo wa ratili 500, ana herufi sita, E mbili. Zipange: Ernest, mtoto wa kiume wa kwanza wa Gygax, aliyekuwa akicheza na baba yake. Vecna, jitu la kutisha lililopoteza mkono na jicho, ni Vance, yaani mwandishi Jack Vance, ambaye kwenye hadithi zake mchawi hukariri uchawi na ukimtoka mdomoni anausahau. Utaratibu huo ndio ulioendesha wachawi wa mchezo huu kwa miaka mingi, kwa hiyo jina ni shukrani. Melf, mwenye mshale wa tindikali, alikuwa wa mtoto mwingine wa Gygax, Luke. Kwenye karatasi ya mhusika palikuwa na M ya mwanamume na elf ya kabila lake. Zikasomwa kwa pamoja.

Nilipoyapanga haya hasira ilipungua. Ni utani wa baba na watoto wake na marafiki zake waliokuwa wakicheza nyumbani, mjini kwao. Mzee yeyote wa kwetu angefanya vivyo hivyo akiombwa kutaja wachawi kumi kabla ya chakula cha jioni.

Tahadhari kwa wanaotaka kujisomea kabla hawajasafiri: ukipakua kanuni za bure, majina haya hutayakuta. Yamefutwa, unabaki na "sahani ya kuelea" na "mshale wa tindikali" peke yake. Majina yamo kwenye kitabu chenyewe, na kitabu kimoja ni dola 50. Mnajua dola 50 ni nini ukiipeleka Kariakoo. Usinunue. Maktaba za umma hapa ni bure, kadi kwa kawaida unapewa kwa kuonyesha kitambulisho na barua yenye anwani yako, na vitabu hivi mara nyingi wanavyo.

Kuna kundi la tatu, na hili ndilo linalouma: majina yanayohitaji jiko lao, duka lao na televisheni yao. Mchezaji mmoja wa awali, Brian Blume, alimwita mchawi wake Rary. Ndani yake hakuna cha kugeuza. Kwenye sheria za zamani mchawi wa ngazi za chini aliitwa Medium, na lengo la jamaa lilikuwa aitwe Medium Rary, kama nyama ya ng'ombe inavyoagizwa hotelini ikiwa katikati bado nyekundu. Sasa sisi tuliokulia Vingunguti na Kiamaiko, nani amewahi kuulizwa nyama yake iachwe mbichi kiasi gani? Ndimu, pilipili, iive. Unaweza kuwa na daraja la kwanza la Kiingereza na utani huu ukupite, kwa sababu hauko kwenye Kiingereza, uko kwenye sahani.

Wadogo zangu mnaosubiri viza, hapa nisikilizeni. Mtihani wa lugha mnaoulipia fedha nyingi unapima kama mtaweza kuandika insha. Haupimi kama mtacheka kazini. Miezi ya mwanzo pitia rafu za supermaketi ukisoma majina ya bidhaa, tazama matangazo ya biashara, soma menyu nzima hata kama unaagiza chipsi. Huko ndiko utani unakochotwa.

Na ukikosa, huna upungufu. Kwenye Wizardry mna upanga uitwao Blade Cusinart. Mmarekani alijua mara moja: Cuisinart ni mashine ya jikoni ya kukatia mboga. Gemu ilipofika Japani, mashine hiyo haikujulikana huko, na Wajapani wakauchukulia upanga huo kwa heshima zote, kama kazi ya mhunzi mkuu wa kale. Taifa zima la watu makini lilipitwa na utani wa blenda, na gemu wakaipenda kuliko wenyewe walioiunda.

Halafu upepo ukageuka. Gemu ya pili ya Zelda, ya mwaka 1987, ina mtu katika mji wa Ruto anayejitambulisha: "I am Error." Mimi ni Kosa. Wamarekani wamecheka kwa miaka wakidhani mtafsiri wa Kijapani aliboronga. Hakuboronga. Msituni karibu na mji wa Saria anakaa mtu mwingine, Bagu, anayekupa barua ya kumwonyesha mvushaji wa mto. Bagu ni bug, yaani hitilafu ya programu, likisemwa na Mjapani ambaye, kama sisi, hawezi kuliacha neno kama hilo bila irabu mwishoni. Error na Bagu, kosa na hitilafu, ni jozi. Tafsiri ilisahau kulirudisha kuwa bug, jozi ikavunjika. Mswahili anayesema benki na basi analisikia Bagu mara moja. Hapo ni wao waliopitwa.

Zipo njia mbili nyingine za haraka. Badilisha vichwa vya maneno: Haris Pilton wa gemu ya World of Warcraft, muuza mikoba wa mji wa Shattrath, ni Paris Hilton, na ndugu Larion na Muigin wa Un'Goro ni Mario na Luigi waliopeana herufi za mwanzo na kuongezewa n. Au soma kwa sauti: Excalipoor, upanga wa Final Fantasy, ni Excalibur, upanga wa mfalme Arthur, ya kimaskini, na katika gemu ya tano kila pigo lake linatoa pointi moja tu. Tatizo la kusoma kwa sauti ni kwamba lazima usome kama Mmarekani, haraka, umeze irabu. Ukitamka kila silabi kama tulivyofundishwa, fumbo halifunguki.

Lakini jina lililonifanya niandike yote haya ni jingine. Kwenye World of Warcraft kuna msitu wa Stranglethorn, na ndani yake kambi ya mwindaji kibete, Hemet Nesingwary. Hesabu: herufi 15, E tatu, N mbili. Zipange utapata Ernest Hemingway. Wenzake kambini nao ni waandishi: Ajeck Rouack anayekutuma kuua chui milia ni Jack Kerouac, na Sir S. J. Erlgadin wa chui weusi ni J. D. Salinger, ukiondoa Sir. Mtego upo hapo hapo: vyeo havihesabiwi. Baadaye Hemet alihamishwa, akabaki mwanawe mwenye Jr. mwishoni, ukiijumuisha hiyo, hesabu inagoma.

Msituni humo, katika toleo la awali la gemu, unaokota kurasa zilizopotea za kitabu chake, Green Hills of Stranglethorn. Ni kurasa 15, za sura nne, na zinajaza begi mpaka unazichukia. Wanaojua huzikamilisha kwa kununua zinazopungua kwenye mnada. Jina la kitabu ni fumbo juu ya Green Hills of Africa, alichokitoa Hemingway mwaka 1935. Na vilima hivyo vya kijani viko wapi? Tanganyika. Alifika Afrika Mashariki mwishoni mwa 1933, akawinda kaskazini mwa nchi yetu, hadi pande za Manyara, akaugua kuhara damu akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, akapona akarudi kuwinda. Watu waliompokea, waliombebea mizigo na kumfuatia nyayo za wanyama walikuwa wa kwetu, na Kiswahili chao kimo ndani ya kitabu hicho.

Kwa hiyo mamilioni ya watu duniani wameokota kurasa za Manyara bila kujua. Mezani pale nilipoeleza hivyo, aliyeniambia sitaelewa aliweka dadu chini akaniuliza Manyara inaandikwaje.

Nimewaambia pia kwamba Jenga, lile gemu la vipande 54 vya mbao lililokaa kabatini nyuma yao, ni neno letu la kuamrisha: jenga! Leslie Scott aliyelitoa mwaka 1983 alikulia Afrika Mashariki. Mwenye nyumba aliinuka akalitoa kabatini, akalitazama boksi.

Mkipewa karatasi tupu ya mhusika, usijiite Shadow wala Dragon kama wengine watano. Tumia kinyume chetu. Simba ni Mbasi, mpiganaji mzuri. Nyoka ni Kanyo, hilo la mwizi. Fisi ni Sifi, na tembo ni Mbote, ila akiwepo Mkongo mezani atadhani unamsalimia. Andika kwa herufi kubwa juu kabisa ya karatasi. Mbasi wataligeuza herufi kwa herufi, wapate ISABM, wakwame. Wakikuuliza, waambie wakate silabi mbili, na uwaambie ni wapi pa kukata.